Likipata Moto Linazima

Nyie vijana mnaonipigia simu, naomba tuelewane kabla hatujafika mbali. Mkiniambia, "Mzee, kuna lori hapa likipata moto linazima, likipoa linawaka," msidhani mmeniambia kitu. Mmeniambia kwamba kuna lori. Kila lori linalozima njiani linazima likiwa na moto, kwa sababu injini iliyotembea ina moto. Na kila linalowaka tena linawaka likiwa limepoa, kwa sababu mlikaa pembeni mkisubiri. Katikati ya kuzima na kuwaka kuna mambo mengine yamefanyika, na hayo ndiyo ninayoyataka, na hayo ndiyo hamniambii.

Nimeacha kazi. Nakaa Kawajense na kuku wangu na mgongo unaouma, na bado simu inaita nikiwa nimeshika tonge. Mwingine hata shikamoo hajaimaliza, ananiuliza pampu ya dizeli inapatikana wapi. Nani kakwambia ni pampu? Ameona video. Mtu yuko nchi ya mbali, ana glavu nyeupe na gereji yenye vigae, anafungua pampu ya lori ambalo halijawahi kupita Sitalike, na wewe wa Mpanda unaamini amelizungumzia lori lako.

Haya, basi nisikilizeni, maana nimechoka kurudia kwa simu.

La kwanza, niambie linazimaje. Likikata ghafla kama mtu kazima taa, tafuta upande wa umeme au upande wa kile kinachofunga dizeli. Likipungua nguvu, likakohoa, likafa taratibu, dizeli haifiki. La pili, pale pale lilipozima, kabla hujawasha sigara yako, bonyeza pampu ya mkono, ile ndogo ya kuvutia dizeli kutoka tangini. Ikiwa laini na dizeli inakuja, nenda kwingine. Ikiwa ngumu, au ukiiachia inavutwa kurudi, kuna kitu kinazuia kati ya hapo na tangi. La tatu, mwagia pampu ya dizeli maji, au ifunike gunia bichi. Injini ikiwaka muda huo huo, hapo ndipo unaweza kuanza kuilaumu pampu, kwa sababu imelika, na dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya pasipotakiwa. Hayo mambo hayataki mashine ya kusoma makosa. Yanataka mtu asiye na haraka, na ndiyo maana yanawashinda.

Aliyenifundisha kutokuwa na haraka alikuwa Mzee Gervas. Alikuja huku kutoka Burundi akiwa mtoto, akakulia kwenye gereji, na mpaka anazeeka Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani. Dereva akileta gari na kuanza kueleza, Mzee Gervas anamwinulia mkono. "Usinieleze," anasema. "Nionyeshe." Anamrudisha dereva kwenye usukani, anamwambia afanye kila kitu anachofanya lori likizima, kama vile limezima sasa hivi. Dereva anaona aibu, watu wanacheka, lakini anafanya. Mzee Gervas alikuwa akisema kwamba mtu anasimulia kile anachodhani kina maana, na mikono yake inafanya hata kile asichokisimulia.

Kulikuwa na lori la kubeba mbao lililowatesa mafundi wa mji mzima. Barabara mbaya linazima, dereva anapumzika, linawaka. Likipata moto linazima, si ndiyo? Mzee Gervas akamwambia dereva aonyeshe. Yule bwana akajifanya limezima, akapiga stata mara mbili, akashusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye dashibodi akachukua kikapu chake cha chakula, akashuka. Mzee Gervas akamwita arudi. Kikapu kilikuwa kimetundikwa wapi? Kwenye kile kitasa cha kuvuta cha kuzimia injini. Malori yale ya zamani hayazimwi kwa ufunguo, unavuta kitasa na waya unafunga dizeli. Barabara ikiwa na makorongo kikapu kinaruka, kinavuta kitasa kidogo kidogo mpaka injini inakufa. Dereva anashuka na chakula chake, kitasa kinarudi, anakula ugali, anapanda, lori linawaka. Pampu ilikuwa imeshafunguliwa na kufungwa na watu wenye akili zao timamu, na mkosaji ni ugali.

Nyie mnacheka. Mimi nilicheka pia, na nikadhani ule mtindo wa kuonyesha nimeshaujua wote. Mpaka lilipokuja Subira.

Subira ni jina lililoandikwa kwenye paji la lori la Mama Salma, mfanyabiashara wa mpunga hapa mjini. Lori aliliacha marehemu mume wake, na pamoja na lori alimwacha dereva, Masanja. Watu wa Masanja walihamia Usevya na ng'ombe wao kutoka Usukumani yeye akiwa mdogo. Mtu mrefu, maneno machache, mkono mwepesi kwenye gia. Aliliendesha Subira tangu likiwa na rangi yake ya kwanza, na nilikuwa silioni gereji isipokuwa kwa kubadilisha oili.

Halafu likaanza kuzima. Linatoka Usevya na mpunga, linaingia hifadhini, na katikati ya hifadhi linakufa. Kama hujawahi kukwama pale, shukuru. Kuna mbung'o. Wanafuata gari linalotembea kama waliokata tiketi, na gari likisimama wanaingia ndani kuuliza kuna nini. Kina mama wenye mpunga wao juu ya mzigo wanajifunika kanga gubigubi kwenye jua, wanapigana makofi migongoni, na kila kofi linasindikizwa na laana kwa dereva. Kushuka nako ni kwa kuchungulia, maana hapo si kwenu, ni kwa wenye pembe na meno.

Kabla halijafika kwangu lilipita kwa mafundi wengine, na kila mmoja aliacha kumbukumbu. Mmoja alitoa themostati, akasema ni kitu cha nchi za baridi. Mwingine akaweka feni ya basi. Wa tatu akasafisha rejeta, akapeleka pampu kwa mtaalamu mji mwingine, ikarudi na rangi mpya. Yote hayo kwa sababu ya lile neno moja, moto. Hakuna aliyetazama geji ya joto. Mimi nilimuuliza Masanja geji inasomaje likizima. Akasema, "Katikati, fundi. Siku zote katikati." Injini haina joto la kuzidi, na watu wanaipoza.

Lakini ubaya haukuwa kwenye pampu wala feni. Mama Salma alikuwa ameanza kuamini kwamba lori halina ugonjwa. Mafundi wote wamegusa, kila kitu kipya, na bado linazima, na linazima akiwa dereva yule yule, na linazima mahali pasipo na watu. Mdogo wake, Shabani, ndiye aliyemtilia maneno. Shabani ni mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa na duka likafa, sasa dada yake alimpandisha kwenye lori kama msimamizi. Alikaa upande wa abiria, amemkodolea Masanja macho kutoka Usevya mpaka Mpanda.

Mama Salma alinifuata mwenyewe gereji. Akakaa kwenye benchi bila kupangusa, mtu ambaye siku zote anapangusa.

"Fundi," akasema, "nakuomba uniambie kitu kimoja. Anayeumwa ni lori au ni dereva? Maana kama lori ni zima, basi Masanja anasimamisha makusudi, anauza dizeli yangu porini. Nikijua hivyo nitamtoa, na nitasema kwa nini nimemtoa."

Mpanda hii mnaijua. Dereva akitolewa kwa wizi wa dizeli, kufika jioni sokoni wanajua, kesho Sitalike wanajua, na hakuna tajiri atakayempa usukani tena. Masanja alikuwa na umri wangu kasoro kidogo. Hakuwa na kazi nyingine mikononi. Kwa hiyo nikasema nipe lori.

Nikamwita Masanja. Usinieleze, nionyeshe. Akapanda, akajifanya limezima. Akashuka, akafungua boneti, akachukua gunia akaliloweka akafunika pampu, akakaa kwenye bampa akanisubiri nimwambie basi. Hakuna kikapu. Hakuna kitu cha ziada. Nikamwambia arudie, akarudia vile vile, kama anayeswali. Nikamuuliza limeanza lini.

"Limeharibika tangu waniwekee lile lifuniko la kufuli," akasema.

Hebu nieleze habari ya kifuniko. Malori yalikuwa yanafyonzwa dizeli usiku yakilala njiani, ikawa desturi kwa matajiri wa hapa kuondoa kifuniko cha tangi cha kiwandani na kumpa fundi wa kuchomelea atengeneze cha chuma chenye kufuli. Cha Mama Salma kilitengenezwa vizuri sana. Chuma kinene, na ndani yake duara la mpira uliokatwa kwenye tyubu ili dizeli isimwagike wala vumbi lisiingie. Na ufunguo hakupewa Masanja. Alipewa Shabani, akauvaa shingoni.

Sasa Masanja alipolisema lile neno, alilisema huku anatazama chini, na alilisema baada ya kulalamikia kiti, na mbung'o, na Shabani anayekula karanga na kumtupia maganda miguuni. Kila aliyemsikia alisikia mtu aliyevunjiwa heshima. Mama Salma alilisikia hivyo, mafundi walilisikia hivyo, na mimi nikasema, "Ndiyo, bwana, inauma," nikaendelea kufungua filta. Nilipopita kwenye tangi nikaona ubavu wake umebonyea kwa ndani. Nikauliza. Shabani akasema lazima ni kisiki, huyu mshua haangalii njia. Nikaendelea na kazi.

Nikaamua nilione likizima mwenyewe. Tukaacha mzigo wa mpunga juu, Shabani akafungua kufuli tukajaza tangi mpaka mdomoni, akafunga. Nikamwambia yeye abaki. Nilitaka Masanja apumue, na mimi nisisikie karanga. Tukashika njia ya Magamba, mimi na Masanja tu.

Hatukufika mbali. Lilipungua nguvu, likakohoa, likafa taratibu, pembeni ya shamba la mahindi. Masanja hakunitazama. Alishuka akafungua boneti, akafunika pampu na gunia bichi, tukakaa. Nikapiga stata, kimya. Tukakaa tena. Watu wa Magamba wakapita na baiskeli, wakatupa pole, wakarudi kutoka huko walikokwenda wakatukuta, wakatupa pole tena. Nikaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya baridi, ungeweza kulaza mtoto juu yake. Nikapiga stata. Kimya.

Hapo nilikasirika, na namshukuru Mungu nilikasirika, maana hasira ilinifanya niyasikie maneno niliyokuwa nayasema. Lori limepoa kabisa na haliwaki. Kwa hiyo si moto. Hata siku moja haijawahi kuwa moto. Njiani hifadhini linawaka baada ya muda mfupi, hapa haliwaki kabisa. Kuna kitu kinafanyika kule ambacho hapa hatujakifanya, na Masanja amefanya kila alichonionyesha.

Nikabonyeza pampu ya mkono. Ikawa ngumu, na nilipoiachia ikavutwa kurudi chini. Dizeli haiji, na tangi limejaa. Nikaingia uvunguni nifuate bomba kwa mkono kuelekea kwenye tangi.

Nikiwa chini huko nikasikia bodaboda inasimama. Ni Shabani. Amesubiri mjini, ameona tumechelewa, roho imemwambia Masanja na fundi wameshirikiana. Hakusalimia. Viatu vyake vilipita mbele ya uso wangu, vikasimama kwenye tangi. Nikasikia kufuli. Nikasikia anazungusha kifuniko, anakivuta kwa nguvu kama kimegandishwa, na kilipoachia tangi likavuta pumzi. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Fyuuu, ndefu, na mwishoni ubavu uliobonyea ukarudi mahali pake kwa kishindo karibu na sikio langu. Shabani akatumbukiza kijiti chake, akakitoa, akakitazama, akafunga.

Nikatoka uvunguni na vumbi lote. "Masanja, piga stata."

Likawaka.

Nikamwambia Shabani asiondoke. "Nionyeshe," nikasema. "Lori likizima porini, wewe unafanya nini?"

"Mimi? Sifanyi kitu. Injini ni yake yeye."

"Hapo ulipofika umefanya nini?"

"Nimekagua dizeli tu, fundi. Kila akisimama nakagua, ili nijue kama anatupiga. Hiyo haihusu injini."

Kila akisimama. Masanja yuko mbele chini ya boneti na gunia lake, Shabani yuko ubavuni na ufunguo na kijiti. Kila mmoja anafanya lake, na hawasemeshani. Nyie mnaelewa sasa? Tangi linatoa dizeli, lazima liingize hewa kushika nafasi yake. Kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo kwa kazi hiyo. Kile cha kuchomelea hakikuwa na tundu, kilikuwa na mpira. Injini inanyonya dizeli mpaka tangi lenyewe linanyonya kurudi, na likiwa limejaa linafika hapo mapema zaidi, maana hewa ya kuanzia ni kidogo. Linazima. Mlinzi anafungua kumkagua mwizi, hewa inaingia, anafunga, lori linawaka, wote wanasema limepoa. Kufuli liliwekwa kumzuia mtu asiibe, likazimisha lori, na kule kuzima ndiko kulikoonekana kuwa ushahidi wa wizi.

Tuliporudi nilimwita Mama Salma. Sikumweleza. Nilimwonyesha. Nililiacha Subira likinguruma palepale uani, nikikanyaga mafuta kila mara injini inyonye dizeli zaidi, mpaka likakohoa likafa mbele yake. Halafu nikampa yeye ufunguo, nikamwambia afungue mwenyewe. Alipofungua akaruka nyuma kwa ile sauti. Kisha nikalitoboa lile lifuniko tundu jembamba, kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai, na nikalitoboa kwa mshazari ili vumbi lisiingie moja kwa moja.

Mama Salma alikaa kwenye benchi. Hakupangusa tena.

"Masanja," akasema, "kumbe ulisema kweli."

"Nilisema, mama. Nilisema limeharibika tangu mniwekee kifuniko."

"Nilidhani unalalamika."

"Nilikuwa nalalamika pia," akasema Masanja.

Mama Salma akavua ule ufunguo kwenye kidole chake akamnyooshea. Mkono wake ulibaki hewani. Masanja aliutazama ufunguo, akasema, "Mpe Shabani. Ameshauzoea." Akaenda kunawa mikono.

Aliendesha mpaka mpunga wa msimu ule ukaisha. Halikuzima hata mara moja, hifadhini kina mama wakawa wanalala juu ya mzigo. Siku ya mwisho aliegesha Subira mbele ya duka la Mama Salma, akaufuta mlango wake kwa kitambaa, akaacha funguo juu ya kaunta, akapanda basi la kwenda kwao.

Mama Salma alinituma nimfuate. Alisema mimi ndiye Masanja anayenisikiliza. Nikaenda Usevya, nikamkuta kwenye zizi, akanipa maziwa ya mgando, tukazungumza habari za mvua. Mwisho nikasema nimetumwa, mama anakuomba urudi, na kwamba anajuta kweli kweli, nimeona kwa macho yangu.

Masanja akaniuliza, "Lori linazima tena?"

"Halizimi."

"Basi kama halizimi, dereva yeyote ataliendesha."

Nilimaliza maziwa yangu. Sikuwa na spana ya jambo lile. Niliziponya injini nyingi zaidi ya hiyo, na ngumu zaidi, lakini hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo, kwa sababu jibu nilipewa siku ya kwanza, kwa Kiswahili, na mtu aliyesimama mbele yangu, nikamwambia pole nikaendelea kufungua filta.

Kwa hiyo pigeni simu, nitapokea, hata nikiwa na tonge mkononi. Lakini usinianzie na pampu. Nianzie na maneno ya dereva kama alivyoyasema, yote, na yale ambayo unadhani ni manung'uniko tu uyaseme taratibu zaidi.